Kisakinishi cha Debian kupitia mtandao: tathmini kutoka vyumba vya seva vya Dodoma

Tangu shughuli za serikali zihamie Dodoma na ofisi kuenea kutoka katikati ya jiji hadi Mji wa Serikali wa Mtumba, vyumba vya seva navyo vimeongezeka, na vingi kati yake vinamtegemea ofisa TEHAMA mmoja au wawili kwa kila jambo. Ofisa huyo akipata uhamisho wa kwenda Singida au Kigoma, huondoka na kumbukumbu ya namna kila seva ilivyosakinishwa: diski ziligawanywa vipi, ni huduma zipi ziliachwa nje kwa makusudi, na ni kwa nini seva moja ina mpangilio tofauti na jirani zake. Anayempokea hukabidhiwa funguo, orodha ya manenosiri na mashine ambazo hakuna anayeweza kueleza zilivyozaliwa. Kwa sababu hiyo nimekitazama kisakinishi cha Debian (mfumo endeshi huria wa jamii ya Linux) kinachofanya kazi kupitia mtandao, katika toleo la 12 na la 13, kwa swali moja lililo juu ya mengine yote, nalo ni kama kinaweza kutuachia seva ambazo mtu mwingine atazisoma na kuzirudia. Naona kinaweza, na kwa kiwango kizuri, ilimradi mtandao ulio kati ya seva mpya na seva ya usakinishaji uwe mikononi mwa anayesakinisha.

Msingi wa kazi nzima ni PXE, utaratibu wa kuianzisha kompyuta kwa mafaili yaliyo mtandaoni, ambao toleo lake la 2.1 lilichapishwa na Intel mwaka 1999 na ambao hadi leo unapatikana karibu katika kila seva inayouzwa. Seva isiyo na kitu kwenye diski ikiwashwa, huomba anwani kwa DHCP, huduma inayogawa anwani za mtandao, na pamoja na anwani hujulishwa mahali lilipo faili la kuanzia. Faili hilo hushushwa kwa TFTP, itifaki rahisi ya kusafirisha mafaili, nalo huleta kerneli (kiini cha mfumo) na initrd (furushi la mafaili ya awali ambalo kerneli huanza nalo), kisha kisakinishi huanza kufanya kazi ndani ya RAM bila flashi wala DVD. Debian hukusanya vyote hivi katika kifurushi kimoja kinachoitwa netboot.tar.gz, chenye mafaili ya mashine za BIOS (programu ya zamani ya kuwashia mashine) na ya zile za UEFI (ya kisasa), na ukikifungua ndani ya folda ya TFTP unakuwa na menyu kamili iliyo tayari. Katika mji wenye vumbi kama huu, ambako visomaji vya DVD vya seva za zamani haviaminiki tena, kuachana kabisa na diski za kuchomeka ni nafuu ya kweli, ingawa si hiyo iliyonifanya nikipende kisakinishi hiki.

Wepesi wake unaonekana ukikilinganisha na njia ya Ubuntu Server. Ubuntu, tangu toleo la 20.04, imehamia kwenye kisakinishi kingine ambacho kikianzishwa kupitia mtandao kwa njia ya kawaida hushusha picha nzima ya ISO na kuiweka ndani ya RAM kabla ya kuanza kazi. Picha hiyo inazidi gigabaiti moja, na ya toleo la 24.04 inazidi mbili, kwa hiyo seva au mashine pepe yenye RAM ya gigabaiti 2 haifiki mbali. Kisakinishi cha Debian kinahitaji makumi ya megabaiti tu ili kianze, kisha huleta vifurushi kimoja kimoja kadiri vinavyohitajika. Mwenye seva mpya zenye RAM tele huenda asiione tofauti hiyo, lakini ofisi nyingi bado zina mashine za zamani zinazofanya kazi za heshima, na hizo hazina sababu ya kutupwa kwa kukosa RAM ya kubebea kisakinishi.

Upande wa pili, yaani seva inayotoa huduma hii, unatimizwa na programu ndogo iitwayo dnsmasq, ambayo hutoa DHCP na TFTP kwa pamoja. Sifa yake iliyo muhimu zaidi kwa ofisi zetu ni hali ya wakala: dnsmasq haigawi anwani, bali huiachia kazi hiyo DHCP iliyopo, nayo huongeza tu taarifa za PXE kando yake. Katika taasisi ambako DHCP inasimamiwa na kitengo kingine, na kubadilisha mstari mmoja kunahitaji barua na saini, hali hii huokoa muda mwingi bila kuvuka mipaka ya mtu yeyote. Lakini kuambiwa kabla ni haki ya wasimamizi wa mtandao, kwa sababu mtu anayeona majibu ya DHCP yakitoka kwenye anwani asiyoijua ana kila sababu ya kudhani mtandao wake umevamiwa.

Kipengele dhaifu katika mnyororo huu ni TFTP, na udhaifu wake ni wa kimaumbile. Itifaki hii, kama ilivyowekwa katika hati ya viwango vya intaneti RFC 1350 ya mwaka 1992, hutuma kipande cha baiti 512, husubiri taarifa kwamba kimepokelewa, ndipo itume kingine. Initrd ya megabaiti 40 hukatwa vipande zaidi ya 80,000. Namba ya kipande huandikwa katika biti 16, kwa hiyo hesabu huishia 65,535, sawa na megabaiti 32 hivi, na pande mbili zisipoelewana namna ya kuianza upya, upakuaji hukatika kabla ya kufika mwisho. RFC 2348 ya mwaka 1998 iliruhusu vipande vikubwa zaidi, na baiti 1,468 huingia vizuri ndani ya fremu ya kawaida ya Etheneti, jambo linalopunguza idadi ya vipande hadi karibu theluthi. Seva na mteja wakiwa kwenye swichi moja, hayo yote hupita bila mtu kuyaona. Jengo la pili likiwa limeunganishwa kwa redio za juu ya paa, kuchelewa kwa milisekunde 5 tu kwa kila kipande cha baiti 512 ni sekunde 400 za kusubiri kabla kisakinishi hakijaonyesha hata skrini yake ya kwanza. Dawa yake ni iPXE, mradi uliotokana na gPXE mwaka 2010, ambao huchukua faili dogo tu kwa TFTP kisha huhamia kwenye HTTP kwa mafaili makubwa.

Anayechagua iPXE ajue gharama yake. Faili la kuanzia lililomo ndani ya kifurushi cha Debian kwa ajili ya UEFI lina saini inayokubaliwa na Secure Boot, ulinzi unaokataa programu za kuanzia zisizo na saini, ilhali iPXE unayoijenga mwenyewe haina saini hiyo, na seva yenye ulinzi huo itaikataa. Ushauri wangu ni kubaki na GRUB, kianzishi cha Debian chenye saini hiyo, pamoja na TFTP pale ambapo seva ziko chumba kimoja, na kuitafuta iPXE pale tu umbali unapolazimisha, kwa sababu kuzima Secure Boot kwenye seva za ofisi ili kuokoa dakika chache ni biashara isiyolipa.

Kuna jambo moja la swichi ambalo hufanya kisakinishi kilaumiwe bila haki. Swichi inayotumia itifaki ya asili ya kuzuia mizunguko huchukua sekunde 30 kufungua tundu lake baada ya kebo kupata uhai, 15 za kusikiliza na 15 za kujifunza, na PXE ya mashine nyingi hukata tamaa kabla ya hapo. Tundu la seva liwekwe katika hali ya kufunguka papo hapo, na tatizo huondoka. Kwenye mashine za BIOS, kosa PXE-E51 maana yake ni kwamba hakuna DHCP iliyojibu, PXE-E53 ni kwamba jibu limekuja bila jina la faili, na PXE-E32 ni kwamba TFTP haijibu. Mwenye namba hizi tatu kichwani hujua mara moja aelekee kwenye swichi, kwenye mpangilio wa dnsmasq au kwenye ukuta wa moto.

Nafika sasa kwenye faili la majibu, preseed.cfg, ambalo kwangu ndilo bidhaa yenyewe. Kila swali ambalo kisakinishi kingemuuliza mtu aliye mbele ya skrini lina jina lake, na faili hili huandika jina hilo na jibu lake kwa maandishi ya kawaida. Kerneli ikipewa maneno auto=true na priority=critical pamoja na anwani ya HTTP ya faili hilo, kisakinishi huendelea mpaka mwisho bila kugusa kibodi. Ukanda wa saa huandikwa Africa/Dar_es_Salaam, kwa kuwa hifadhidata ya saa za dunia haina ingizo la Dodoma na nchi nzima iko saa tatu mbele ya UTC. Nenosiri la mkuu wa mfumo huandikwa likiwa limesimbwa. Kisha hufuata mgawanyo wa diski, orodha ya vifurushi, na mwishoni amri za kumalizia ambazo huweka ufunguo wa SSH (njia salama ya kuingia kwenye seva ukiwa mbali) wa wasimamizi na kuiandikisha seva mahali inapofuatiliwa.

Faida inayotajwa mara nyingi kuhusu faili hili ni kasi, na ni kweli seva yenye diski nzuri humaliza bila mtu kati ya robo saa na nusu saa, huku nyingine zikiendelea sambamba nayo. Lakini kasi ni faida ya siku moja. Faida inayodumu ni kwamba preseed.cfg ni hati, na ni hati isiyoweza kudanganya, kwa kuwa seva yenyewe imezaliwa kutokana nayo. Maelezo yanayoandikwa baada ya kazi huchakaa, kwa sababu mtu hubadilisha kitu na kusahau kurekebisha maandishi, ilhali hapa maandishi ndiyo yanayofanya kazi. Ukilihifadhi katika Git, programu inayotunza historia ya mabadiliko, na kila badiliko likaandikiwa sababu yake, ofisa mpya anayeripoti Dodoma akitokea mkoa mwingine anaweza kusoma historia ya chumba kizima cha seva. Tena alama ya reli mwanzoni mwa mstari huufanya mstari huo kuwa maelezo, na hakuna kinachozuia maelezo hayo kuandikwa kwa Kiswahili: kwamba /var imetengwa ili kumbukumbu za mfumo zisijaze diski nzima, kwamba huduma ya uchapishaji imeachwa nje kwa sababu seva hii haichapishi. Nimeona kwa macho yangu namna makabidhiano yanavyobadilika pale mtu anapokabidhi faili linalosomeka badala ya kusimulia kwa mdomo, na kwa jambo hilo peke yake ningekipendekeza kisakinishi hiki hata kama kingekuwa cha polepole.

Lugha ya faili hilo, hata hivyo, si rahisi. Majina ya maswali ni marefu, na sehemu ya kugawa diski kwa mpango wa kujitungia, pamoja na vipimo vyake vya chini, kipaumbele na vipimo vya juu, ni ngumu kuliko inavyostahili, kiasi kwamba anayeanza atafanya vyema kutumia mipango iliyomo tayari, ule wa kila kitu mahali pamoja au ule unaotenga /home, /var na /tmp. Kiambatisho B cha mwongozo wa usakinishaji wa Debian kina mfano kamili wenye maelezo, na ndipo pa kuanzia. Njia ya pili ni kusakinisha seva moja kwa mkono, kuweka kifurushi cha debconf-utils, kisha kuiomba iorodheshe majibu yote yaliyotumika. Orodha hiyo ni ndefu na ina mambo yasiyofaa kurudiwa, kwa hiyo itumike kama rejea ya kutafutia majina na isigeuzwe kuwa faili lenyewe.

Kinachohitaji tahadhari kubwa kuliko vyote ni kwamba kisakinishi kisichouliza hakiulizi hata kabla ya kufuta diski. Seva iliyopangwa kuanzia kwenye mtandao kwanza, ikiwashwa upya katika chumba ambacho menyu yake ya PXE huenda moja kwa moja kwenye usakinishaji, itafuta data yake na kujisakinisha upya kwa utii kamili. Umeme ukikatika usiku na kurudi, jambo linalotokea, hatari hiyo huzikabili seva zote kwa wakati mmoja. Menyu ya chaguo-msingi lazima iwe ya kuanza kutoka diski ya ndani, na usakinishaji utolewe tu kwa mashine zilizotajwa kwa anwani zao za MAC, yaani namba za kadi zao za mtandao. Kwa mashine za BIOS, PXELINUX, programu ya kuanzia inayoonyesha menyu, hutafuta faili lenye jina la anwani hiyo likitanguliwa na 01, na faili hilo huondolewa mara seva inapomaliza. Seva zenye kidhibiti cha mbali kama iDRAC au iLO zina njia nadhifu zaidi, kwani amri ya ipmitool huweza kuamuru kuanzia mtandaoni kwa mara moja inayofuata tu, kisha mpangilio hurudi kwenye diski. Jina la diski nalo liangaliwe, kwa kuwa /dev/sda ya leo inaweza kuwa flashi iliyosahauliwa nyuma ya seva, na diski za NVMe zina majina ya namna nyingine kabisa.

Kuhusu intaneti, kisakinishi hiki kwa kawaida huvuta vifurushi kutoka kwenye hazina ya Debian, na seva kumi zinazofanana huvuta vilevile mara kumi. Kuweka apt-cacher-ng, programu inayotunza vifurushi vilivyokwisha kuvutwa, kwenye mashine moja ya ndani, ambayo husikiliza poti 3142, na kuitaja katika faili la majibu kama wakala wa HTTP, hufanya seva ya kwanza ilipe gharama ya intaneti na zinazofuata zichukue kutoka ndani ya jengo kwa kasi ya swichi. Tarehe 12 Mei 2024, hitilafu za nyaya za EASSy na Seacom chini ya bahari zilipodhoofisha intaneti ya Tanzania na ya majirani zetu, ilidhihirika kwa kila mtu jinsi kazi ya ofisini Dodoma inavyoning'inia kwenye uzi uliolala baharini. Ile apt-cacher-ng ina hali ya kufanya kazi bila intaneti, na hazina iliyokwisha kujazwa na seva za awali inaweza kusakinisha nyingine ya aina ileile bila kutoka nje. Vifurushi hukaguliwa kwa saini za Debian hata vikipita kwenye HTTP ya kawaida, kwa hiyo hazina ya ndani haipunguzi usalama wake. Kerneli inayopita TFTP haina ukaguzi wa namna hiyo kwenye mashine zisizotumia Secure Boot, initrd haina hata pale inapotumika, na faili la majibu husafiri wazi, hivyo usakinishaji ufanyike katika VLAN yake yenyewe, yaani mtandao uliotengwa ndani ya swichi, mbali na kompyuta za watumiaji.

Saa ya seva huweza kuvuruga kazi kwa namna inayoshangaza. Mashine ya zamani ambayo betri yake ya ubao imekufa huamka ikidhani iko miaka mingi nyuma, na apt, programu ya Debian ya kuleta vifurushi, hukataa orodha ya vifurushi kwa maelezo kwamba bado haijaanza kutumika. Kisakinishi hujaribu kurekebisha saa kwa NTP, itifaki ya kulinganisha saa kupitia mtandao, kabla ya kufika hatua hiyo, lakini ukuta wa moto wa taasisi ukiwa umefunga poti yake, UDP 123, jaribio hilo hushindwa. Faili la majibu huruhusu kutaja seva ya saa iliyo ndani ya ofisi, na mstari huo mmoja usikosekane.

Kadi za mtandao nazo zina yake. Picha za kawaida za usakinishaji za Debian, kuanzia toleo la 12, zimebeba programu za ndani za vifaa ambazo si huria, lakini initrd ya netboot haikuzibeba. Kadi za Broadcom za familia ya NetXtreme II, zilizo nyingi katika seva za zamani, haziamki bila programu hizo, na mashine iliyofanikiwa kupakua kerneli kwa PXE husimama ghafla ikisema haioni mtandao. Debian hutoa faili la firmware.cpio.gz ambalo huunganishwa mwishoni mwa initrd kwa amri moja ya cat. Ni kazi ya dakika moja kwa anayeijua, na nadhani ilistahili kuwekwa mwanzoni kabisa mwa maelezo ya netboot.

Usumbufu wa mwisho hujitokeza baada ya miezi. Matoleo madogo ya marekebisho yanapotoka, kerneli katika hazina hubadilika, na netboot ya zamani iliyobaki kwenye folda ya TFTP hushindwa kupata moduli zinazolingana nayo, ikasimama na kueleza kwamba hakuna moduli za kerneli zilizopatikana. Suluhisho ni kushusha netboot.tar.gz mpya na kuhakiki muhtasari wake wa SHA256. Kazi hiyo ipewe ratiba na jina la mhusika, kwa sababu ofisi ambayo mara ya mwisho ilisakinisha seva mwaka uliopita itakutana nayo bila shaka yoyote.

Kwa taasisi yenye seva mbili tu, ambazo hazitaongezeka, flashi inatosha na faili la majibu linaweza kutumika nayo vilevile. Kuanzia seva tano hivi, au pale mashine pepe zinapozaliwa mara kwa mara, ninakipendekeza kisakinishi hiki bila kusita. Hakina ada ya leseni, na seva ya usakinishaji inaweza kuwa kompyuta ya kawaida ya mezani yenye diski ya kutosha na UPS. Anayeanza sasa aanze na Debian 13, iliyotoka tarehe 9 Agosti 2025. Mwenye mashine za biti 32 afahamu kuwa toleo hilo halina tena kisakinishi cha i386, hivyo mashine hizo zitabaki kwenye toleo la 12, ambalo matengenezo yake ya muda mrefu yamepangwa kufika Juni 2028.